Tupeane uzoefu: mtoto na kibubu chake, hela ilifika mwisho?

Mkulima wa Uyole: Habari zenu wakuu. Kijana wangu yuko la tano anataka baiskeli, nimemwambia aweke mwenyewe ikifika nusu namalizia. Likizo anachambua viazi kwa bibi yake anapewa chochote. Ila kila tukipita Mwanjelwa anataka kiatu. Wenu mnawafanyaje wasiishie njiani?

Mama wa Mafinga: Kibubu cha mbao, kipigiliwe misumari. Chenye kufuli usithubutu.

Binti Tukuyu: Mmenigusa jamani. Binti wa mamdogo alikuwa anauza karanga enzi noti ya mia tano bado inatembea, anataka cherehani, kila noti anainyoosha kwa pasi ya mkaa ndio anatumbukiza. Akaenda bweni, kibubu bibi akakiweka darini juu ya jiko na hakugusa hata shilingi. Tumekuja kukipasua amemaliza shule, noti zimenyooka hivyo hivyo, wakala kazigeuza kasema hizi hazipokelewi tena, Benki Kuu ilishazikusanya kuanzia tarehe 6 Januari mpaka 5 Aprili 2025. Mtoto alizipanga kwenye mkeka moja moja, hakusema neno, bibi ndio alilia. Zilizopona ni sarafu tu.

Fundi Makambako: Tangazo lilipita redioni miezi mingapi, ndugu wote mlikuwa wapi?

Binti Tukuyu: Bibi hana redio kaka, na kibubu kilikuwa siri yao wawili. Usinihukumie bibi yangu.

Mama wa Mafinga: Bibi kalinda amana, wangapi humu wangeiacha? Pole sana mdogo wangu.

Mhehe: Kamwene. Hela isikae kwenye kopo, mnunulie mtetea aangue.

Fundi Makambako: Kideri, ule ugonjwa wa kuku, kikipita anabaki na manyoya. Akaunti ya mtoto benki, unaenda na cheti chake cha kuzaliwa na kitambulisho chako.

Mama Mbalizi: Benki yenyewe nauli. Sisi tuna daftari. Msimu wa mbolea baba yake alikopa kwa mtoto, tukaandika mbele yake akasaini, mahindi yalipouzwa kalipa na nyongeza juu. Mtoto anaweka mpaka leo.

Mama wa Mafinga: Hapana dada, kukopa kwa mtoto ndio mwanzo wa kumla, mtoto atamkatalia vipi baba yake?

Mama Mbalizi: Nimesema alilipa. Soma vizuri.

Mhehe: Wangapi wanalipa lakini? Mimi wazazi wangu hawakulipa, nilikuwa naweka ya kununua mpira na mpaka nimekuwa mtu mzima nikikumbuka inaniuma.

Mkulima wa Uyole: Hapo mmenifungua, namuachia funguo akae nazo mwenyewe. Sasa hebu nisaidieni, elfu moja ya 2010 bado inatumika? Cha dada yake kina miaka hakijafunguliwa.

Binti Tukuyu: Inatumika, ya toleo hilo iliyotoka ni mia tano ya noti peke yake. Za 2003 kurudi nyuma ndio zote zimekwisha. Kipasue leo kaka, na yeye akiwepo.