Naomba ushauri: kuinua pikipiki ya magurudumu manne kwa inchi 2

Wakuu, habari za kazi. Ninamiliki pikipiki ya magurudumu manne aina ya Yamaha Grizzly 700, ambayo naitumia kukagua mashamba ya mpunga huku Mbarali, na kila masika tumbo lake hukwama juu ya matuta ya udongo wa mfinyanzi hata pale ambapo matairi bado yanashika vizuri. Nimenunua seti ya vyuma vya kuinulia kwa inchi 2, vile vinavyofungwa kati ya shokapu na fremu, lakini bado sijavifunga.

Kinachonitia wasiwasi ni ekseli. Mashine ikiinuka, ekseli hulazimika kuzunguka zikiwa zimeinama zaidi, jambo ambalo hula jointi za ncha za ekseli na kupasua mipira inayozifunika, na mpira ukishapasuka katika tope la huku, jointi haina maisha. Je, kuna aliyeendesha kwa kimo hicho msimu mzima bila kubadilisha ekseli? Fundi wangu, ambaye kwa kweli ni hodari wa bodaboda kuliko mashine hizi, anataka nifunge na matairi ya inchi 28 papo hapo, nami nahofia kwamba uzito huo utauchosha mkanda unaopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu na kuifanya mashine ipinduke kwa urahisi kwenye kingo za mifereji.

Naomba pia kuelekezwa namna ya kunyoosha upya mwelekeo wa magurudumu ya mbele baada ya kazi hiyo, kwa kuwa sina kifaa zaidi ya uzi na rula.