Hotuba za China kwa Kiingereza: uzito ni wa mwandishi au wa mfasiri?

Msomaji_Tanga: Wakuu, naomba msaada. Hotuba ya Mao ya tarehe 8 Februari 1942, pale Yan'an, ngome ya Chama cha Kikomunisti cha China wakati huo, inayopinga uandishi mbovu ndani ya chama, inachoma hata kwa tafsiri ya Kiingereza. Makala ndefu isiyo na kitu anaifananisha na vitambaa vya kufungia miguu vya mwanamke mvivu: virefu na vinanuka. Kisha nashika ripoti ya Xi Jinping kwa Mkutano Mkuu wa 19 wa chama hicho, Oktoba 2017. Aya baada ya aya ni "tutafanya", "ni lazima tufanye". Kichina chake nacho kiko hivyo?

Kalamu_Mbili: Mkuu, kufasiri Kichina ndiyo kazi yangu, na jambo hili linaniuma. Katika ripoti kama ile, sentensi nyingi hazina mtenda. Kinatangulia kitenzi, kinafuata kitendwa, na vipande vinalingana urefu, mara nyingi silabi nne nne. Visome kwa sauti utasikia mapigo. Kiingereza hakivumilii sentensi isiyo na mtenda, basi mfasiri anapachika "sisi" kila mahali. Mapigo yanakufa, inabaki orodha ya ahadi.

Uchovu wa msomaji ni hasara ndogo. Kubwa ni kwamba anadhani ameshaambiwa nani atawajibika, ilhali maandishi ya awali hayakumtaja mtu. "Sisi" ni chama? Serikali? Wananchi? Ukikutana na neno hilo, simama hapo uulize. Kiswahili kingetuokoa, maana maazimio ya vyama vyetu nayo huandikwa "Kuimarisha...", "Kuhamasisha...", bila mtenda.

Mzee wa Maktaba: Wanangu, msimtwishe mfasiri mzigo wote. Tafsiri rasmi hutoka Beijing, kwenye vyombo vya chama na serikali yenyewe, na mfasiri hana ruhusa ya kupunguza hata kipande. Vipaji havikukosekana: Qian Zhongshu, mwandishi wa riwaya aliyesoma Oxford, alikuwamo kwenye kazi ya kufasiri maandishi ya Mao. Tena Mao alipenda visa. Tarehe 11 Juni 1945 alifunga mkutano mkuu wa chama kwa kisa cha zamani cha mzee aliyeamua kuchimba milima miwili iliyoziba njia ya kwake. Kisa huvuka lugha salama. Mapigo ya silabi hayavuki.

Msomaji_Tanga: Shikamoo mzee, nimekuelewa. Na zile makala tisa ambazo chama cha China kilibishana na Moscow, yaani na chama cha Kisovieti, nazo nisome kwa tahadhari hiyo hiyo?

Kalamu_Mbili: Hizo zisome kwa raha. Zilianza tarehe 6 Septemba 1963, ya mwisho ikatoka 14 Julai 1964, na zililenga pia wakomunisti wa nchi nyingine. Zinanukuu maneno ya Khrushchev, kiongozi wa Kisovieti wakati huo, zinayageuza kuwa swali, kisha zinamrudishia. Mbishi lazima amtaje anayebishana naye, kwa hiyo humo hutahangaika kumtafuta mtenda.