Mrejesho: kidonda cha punda kilichogoma kupona

Niliuliza kwa nini kidonda mgongoni mwa punda wa kubeba maji, hapa Kisesa, hakiponi licha ya sindano za OTC (oksitetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria) mara tatu. Majibu yametoka: ni bakteria aina ya Staphylococcus aureus. Kwenye sahani ya maabara bakteria wameota hadi ukingoni mwa kidonge cha penisilini, na cha OTC vilevile, yaani dawa hizo haziwazuii. Trimethoprimu-salfa pekee ndiyo imeacha duara safi, yaani inawazuia.

Sampuli ya kwanza ilikuwa bure, ilichukuliwa siku mbili baada ya sindano, hakikuota kitu. Ya pili: acha dawa kwanza, osha kidonda kwa maji ya chumvi (gramu 9 kwa lita ya maji yaliyochemshwa), futa usaha wa juu, ndipo uzungushe pamba chini kabisa. Ifike ikiwa baridi, ndani ya saa 24.

Daktari wa mifugo kaandika trimethoprimu-salfa, miligramu 30 kwa kila kilo ya uzito, kila saa 12. Kwa punda wa kilo 150 ni gramu 4.5 kila mara. Ile OTC, kumbe, ilikadiriwa kwa jicho, na kwa jamii ya farasi inaweza kuleta kuhara kubaya.

Madumu yameshushwa kabisa. Kamba ilikuwa ikisugua palepale. Siku ya kumi nyama imekuwa nyekundu, haina harufu.