Mjadala: Asiye na kadi ya chama akae pembeni mpaka lini?

Wadau, mtaani kwetu kuna mwalimu mstaafu anayetunza daftari la michango ya kisima. Kila shilingi ina mstari wake. Ukitaka kuliona, analitoa kwenye mfuko wa nailoni na kukufungulia ukurasa wenye jina lako. Watu walimwomba agombee uenyekiti wa mtaa. Akauliza jambo moja tu: lazima niwe na kadi? Akaambiwa ndiyo, bila chama cha kumdhamini hawezi kugombea. Akakataa. Anasema siku atakayovaa sare ya upande mmoja, upande wa pili utaanza kulitilia shaka daftari.

Naandika kwa sababu inaniuma kusikia watu kama yeye wakiitwa popo, si ndege si mnyama. Mimi pia sina kadi. Kuna mambo nawaunga mkono walioko madarakani, na mengine naona wapinzani wana haki. Kila nikisema hivyo naulizwa nani kanituma.

Tazameni Katiba yetu ya Tanzania. Ibara ya 20 inakataza kumlazimisha mtu kujiunga na chama. Ibara za 39 na 67 zinataka mgombea urais au ubunge awe mwanachama na adhaminiwe na chama chake. Yaani uko huru kutokuwa na chama, ilimradi usitake uongozi!

Mchungaji Christopher Mtikila, mwanasiasa wa upinzani, alilipeleka suala hili la mgombea binafsi, yaani asiye na chama, mahakamani mwaka 1993. Jaji Lugakingira wa Mahakama Kuu akampa ushindi mwaka 1994, Katiba ikarekebishwa kuziba njia hiyo. Akafungua kesi tena na kushinda Mahakama Kuu mwaka 2006, lakini mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema hilo ni la Bunge kuamua. Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, ikaamua kwamba zuio hilo linavunja haki. Mtikila alifariki mwaka 2015 zuio likiwa palepale.

Wanaopinga wanasema mgombea binafsi atakuwa tajiri wa kununua kura, na kwamba mbunge wa peke yake hapitishi kitu bungeni. Hilo la pili lina uzito, nalikubali. La kwanza hapana. Malalamiko ya rushwa kwenye kura za maoni za vyama, zile za kuteua wagombea, tunayasikia kila uchaguzi. Fedha hazikumsubiri mgombea binafsi. Wakenya, kwenye Katiba yao ya 2010, wameweka masharti: anayetaka ubunge bila chama aungwe mkono na wapiga kura 1,000 wa jimbo lake, na asiwe amekuwa mwanachama wa chama chochote kwa miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Aliyebwagwa kwenye mchujo jana hawezi kuruka leo.

Linalonisumbua zaidi ni ibara ya 71. Mbunge akivuliwa uanachama, ubunge nao umekwenda. Waliompigia kura hawaulizwi. Kwa hiyo hata mwenye msimamo wa kati aliyeamua kuingia ndani ya chama atapiga hesabu mara mbili kabla ya kusema "hapa tumekosea."

Karibuni tujadili. Ila anayeona vyama vinatosha aanze na hili: mwalimu yule achukue kadi ya nani, na daftari amwachie nani?