Safari za ghafla ukiwa mwanafunzi Ujerumani: niwe na nini mkononi?

Mgeni wa Isar
Habari zenu wanajamvi. Niko muhula wa kwanza wa uzamili, Munich. Wenzangu wanatoa wazo Ijumaa usiku, Jumamosi asubuhi wako Salzburg, Austria. Sitaki kumaliza miaka miwili nikitazama dari la bweni, na mpakani pia sitaki kukwama. Nina Deutschlandticket (tiketi ya mwezi ya usafiri wa umma), pasipoti ya Tanzania na viza ya D (ya kukaa muda mrefu) inayoisha mwezi ujao. Kibali cha ukaazi bado. Nini kiwe tayari ili mtu akisema twende, niende?

Karani
Karibu. Omba kibali KABLA viza haijaisha, hata kama miadi haijapatikana. Tuma maombi kwa mtandao na uhifadhi uthibitisho. Viza ya D ikiwa hai, unaruhusiwa kuzuru nchi nyingine za Schengen (eneo la Ulaya lenye viza ya pamoja) siku 90 ndani ya kila siku 180.

Ikiisha na kibali bado, ofisi ya wageni hutoa karatasi ya muda iitwayo Fiktionsbescheinigung. Soma kisanduku kilichotiwa alama. Kifungu cha 81 cha Sheria ya Ukaazi, aya ya 4, kinaendeleza haki ulizokuwa nazo. Aya ya 3 haikupi ruhusa ya kurudi ukishatoka Ujerumani. Karatasi ni ile ile, tofauti ni alama ya kalamu tu, na hapo ndipo watu hunaswa. Ushauri wangu: viza ikishaisha, mpaka kadi ya ukaazi itoke, ughafla wako uishie ndani ya Ujerumani.

Beba pasipoti yenyewe, si picha kwenye simu. Tangu Septemba 2024 Ujerumani inakagua mipaka yake yote ya nchi kavu, na treni ya kutoka Salzburg ni mojawapo ya zinazokaguliwa. Uingereza na Ireland haziko Schengen, kwa hiyo huko hakuna "twende kesho".

Behewa la pili
Naongezea ya treni. Deutschlandticket (euro 63 kwa mwezi tangu Januari 2026) inafika hadi kituo kikuu cha Salzburg, ila kwa treni za mikoani tu, takriban saa mbili njiani. Railjet na EC, treni za haraka za masafa marefu, zinapita reli hiyo hiyo, zinawahi kufika, na tiketi yako humo haifai kitu. Faini inaanzia euro 60. Mabasi ya mjini Salzburg unalipia mwenyewe.

Ukisubiri kadi, nenda Tegernsee: kama saa moja, ziwa na milima, hakuna mpaka. Angalia bango la behewa kabla ya kukaa, maana treni hukatwa vipande njiani, kila kipande na njia yake. Ukikaa kisicho chako bila kusoma, utajikuta kwingine kabisa.

Kabla ya kutoka tafuta treni ya MWISHO ya kurudi, siyo ya kwanza ya kwenda. Wikendi reli hufungwa kwa matengenezo na mnapewa basi. Programu ya DB Navigator (ya shirika la reli) huonyesha mabadiliko; iangalie asubuhi hiyo hiyo. Na pawabenki: simu ikizima, tiketi nayo imezima.

Mgeni wa Isar
Asanteni sana. Bima je? Nyuma ya kadi yangu ya bima ya afya kuna ile ya Ulaya.

Karani
Kwa raia wa nje ya Umoja wa Ulaya, kadi hiyo haifanyi kazi Denmaki, Norwe, Aislandi, Liechtenstein wala Uswisi. Austria inafanya. Kwa hizo tano nunua bima ya safari. Ya mwaka mzima ndiyo inayomfaa mtu wa ghafla, kwani ya siku moja moja utaisahau.

Behewa la pili
Pesa: kama unaishi kwa akaunti ya amana (Sperrkonto, ile ya pesa zilizofungiwa kwa ajili ya viza), inatoa euro 992 kwa mwezi, na kodi ya chumba Munich unaijua. Tenga 40 pembeni kila tarehe moja. Zikiisha, safari inayofuata ni mwezi ujao. Na mkate nunua Jumamosi kabla ya saa 2 usiku, Jumapili maduka yamefungwa.