Tupeane uzoefu: ni nani mwingine ambaye ngozi yake inalikataa jua?

Mwalimu wa Nakuru
Leo asubuhi, katika steji ya matatu, nimemwona binti aliyejifunika leso hadi machoni huku abiria wakimcheka, nikajikumbuka mwenyewe. Kila msimu wa michezo ya shule, nikishinda uwanjani siku moja, mikono hutulia hadi jioni, kisha usiku vipele vidogo hujaa kuanzia kwenye kiwiko hadi vidoleni na kuniwasha kiasi cha kushindwa kushika chaki. Chini ya mkanda wa saa ngozi hubaki safi kabisa. Nilipakwa dawa za fangasi kwa miaka mitatu. Daktari wa ngozi ndiye aliyenieleza kwamba miale ya urujuanimno, ile ya jua isiyoonekana kwa macho, hubadilisha kitu ndani ya ngozi, na kwamba kinga ya mwili, ambayo kwa watu wengi hupozwa na miale hiyo hiyo, kwangu haipoi, bali hukiona kitu hicho kuwa kigeni na kukishambulia. Mashambulizi ya namna hiyo huchukua saa kadhaa kujitokeza. Wenzangu mmepitia nini?

Nyanya Kakamega
Hata mimi, mwanangu. Yangu hutoka kifuani, pale shingo ya gauni inapoishia.

Bodaboda Kondele
Yangu haingoji jioni. Dakika tano juani, mikono huinuka mabaka kana kwamba nimepita kwenye upupu, na nikikaa kivulini saa moja au mbili yote hutoweka, hata daktari asione kitu. Niliambiwa kwamba mwanga huamsha seli za mzio zikamwaga histamini, kemikali inayoleta mwasho na uvimbe. Nameza dawa ya mzio niliyoandikiwa na kuvaa glavu.

Mkulima Bungoma
Mwalimu, dawa ni kuzoea. Toka juani dakika tano, kesho kumi, na ngozi itakomaa. Jioni paka mshubiri.

Mama wa Dunga
Ndugu, usimwambie kila mtu hivyo, kwa maana ushauri kama huo ulikaribia kunizika. Nilikuwa nikianika omena kuanzia saa mbili asubuhi. Weusi uliovimba ukatanda mashavuni na juu ya pua, kama kipepeo aliyetua, ukaiacha mikunjo ya kando ya pua. Vidole vikakakamaa kila alfajiri hata nisiweze kukunja wavu wa kuanikia. Zahanati moja ilinitibu malaria mara tatu na taifodi mara mbili. Jirani alinong'ona kwamba ni ukimwi. Mama mkwe akasema ni chira, yaani laana ya kuvunja mwiko, kwa kuwa nilipanda mbegu kabla yake. Nywele zikanyonyoka. Kisha mkojo ukawa na povu kama la sabuni, miguu ikavimba, na nilipobonyeza kifundo cha mguu, shimo la kidole lilibaki pale pale.

Hospitali nyingine ndiyo iliyopima kingamwili zinazoshambulia viini vya seli za mwili wenyewe, ikapima na protini katika mkojo. Ilikuwa lupasi, ugonjwa ambao kinga huushambulia mwili wenyewe, nayo ilikuwa imeshafika kwenye figo. Walinieleza kwamba jua likiumiza seli za ngozi, seli hizo hufa na vilivyomo ndani ya viini vyake kumwagika. Kinga ya mwenye lupasi huviona kuwa adui, na vita vilivyochochewa usoni huweza kuwaka hadi viungoni na kwenye figo. Nameza haidroksiklorokwini kila siku, na macho yangu hupimwa kila mwaka kwa kuwa dawa hiyo inaweza kudhuru retina. Sasa naanika alfajiri, na mchana binti yangu ndiye anayegeuza omena.

Nyanya Kakamega
Pole sana, mama. Hapo kwenye povu nimesoma mara mbili.

Kijana wa Kisii
Sisi weusi tuna kinga ya asili dhidi ya jua. Haya ni matatizo ya wenye ualbino na wanaojichubua.

Muuguzi Kisumu
Kijana, hapo umekosea, na kosa hilo huwachelewesha watu. Melanini, ile rangi ya asili ya ngozi, hupunguza madhara ya jua lakini haimzuii mtu kupata lupasi. Kati ya wagonjwa kumi, takriban tisa ni wanawake, na wanawake weusi huupata zaidi kuliko weupe. Mwenye ualbino huungua kwa kukosa melanini ya kutosha, si kwa kosa la kinga yake. Hata dawa kama doksisaiklini huweza kumfanya mtu aungue juani bila kinga kuhusika, kwa hiyo mtajieni daktari kila dawa mnayomeza. Kumzoesha mtu jua kidogo kidogo humsaidia mwenye vipele kama vya Mwalimu, akisimamiwa na daktari. Mwenye lupasi huumia. Tena kioo cha dirisha la matatu huweza kupitisha sehemu ya miale ya urujuanimno, basi kaeni upande wa kivuli.

Bodaboda Kondele
Daktari wangu alinikataza jua kabisa, na wa rafiki yangu akamwambia aote la asubuhi. Tumsikilize nani?

Muuguzi Kisumu
Kila mmoja amsikilize aliyempima, kwa sababu ugonjwa wako huenda si wa rafiki yako.

Mkulima Bungoma
Mama wa Dunga, naomba radhi. Mke wa mdogo wangu ana weusi kama huo mashavuni tangu Krismasi, nasi tumekuwa tukimpaka mshubiri na kumtoa juani. Kipimo cha mkojo huchukua siku ngapi?

Mama wa Dunga
Siku hazihitajiki, shemeji. Ni kijikaratasi kinachochovywa katika mkojo na kubadilika rangi baada ya dakika chache. Hata zahanati ndogo huwa nacho. Hata kisipoonyesha kitu, omba apimwe na damu. Mpelekeni kesho mapema kabla jua halijawa kali, na msimwache aende bila mwavuli.