Maji yanatuama chini ya nyasi bandia kwenye udongo mweusi: yatolewe vipi?

Mama wa Syokimau (swali)

Salamu kwenu nyote. Tumehamia nyumba mpya huku Syokimau, na ua wa nyuma una takribani mita 60 za mraba. Mwanakandarasi aliyejenga alimwaga vumbi la mawe juu ya udongo mweusi, akalishindilia, kisha akatandika zulia la nyasi bandia. Wakati wa kiangazi hapakuwa na tatizo lolote, lakini masika yalipoingia, maji yalianza kutuama karibu na ukuta wa jikoni. Ukikanyaga hapo yanabubujika kupitia matundu ya zulia, na jua likiwaka hutoka harufu nzito, hasa pale mbwa anapokojoa. Mwanakandarasi anapendekeza tuchimbe shimo la kunyonya maji katikati ya ua na kulijaza mawe. Kabla sijalipa, naomba ushauri wa wenye uzoefu na udongo huu: je, shimo hilo litafaa, au itatubidi kung'oa kila kitu?

Fundi wa mitaro

Pole sana, mama. Shimo hilo usililipie. Shimo la kunyonya hufanya kazi pale tu ambapo udongo unaolizunguka unayapokea maji, na udongo mweusi wa Syokimau, Athi River na Kitengela hauyapokei. Ukikauka hupasuka nyufa ambazo kiganja kinaingia, lakini ukishalowa huvimba, nyufa zikajifunga, na kuanzia hapo maji hupenya kwa milimita chache tu kwa saa. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kwa hiyo mvua ya milimita 40, ambayo si ajabu mwezi wa Aprili, inamwaga lita 2,400 katika ua wako, bila kuhesabu yanayotoka paani. Shimo litajaa na kubaki limejaa. Ukitaka kuthibitisha, chimba kishimo cha sentimita 30, kijaze maji jioni, kijaze tena asubuhi, kisha upime kwa rula yameshuka kiasi gani baada ya saa moja.

Zulia lenyewe halina kosa, kwa kuwa matundu yake hupitisha maji upesi. Tatizo ni kwamba yakishapita hayana pa kwenda. Ndiyo maana kazi hii huanzia mwisho, yaani pale maji yatakapotokea, na hapo huwa ni mtaro wa mvua wa barabara ya mtaa. Ukishajua kina cha mtaro huo, ng'oeni zulia kwa uangalifu ili litumike tena, ondoeni vumbi lote, kisha mkate udongo mweusi sentimita 15 hadi 20 huku mkiuinamisha kutoka ukutani kwa sentimita moja hadi mbili kwa kila mita. Upande wa chini chimbeni mfereji, mtandike kitambaa cha kuchujia, mlaze bomba la milimita 100 lenye matundu yanayotazama chini, mlizungushie kokoto safi na kukifunika kitambaa juu yake. Ua wote nao utandikwe kitambaa kabla ya kokoto za msingi. Msikubali kukiruka kitambaa ili kupunguza gharama, kwa sababu udongo huu ukilowa hujipenyeza kati ya kokoto na kuziba kila nafasi.

Msimamizi wa ujenzi

Nakubaliana na fundi, nami nakazia suala la vumbi. Mafundi wengi wamelizoea kwa sababu ndilo linalotandikwa chini ya kabro (vitofali vya zege vya kusakafia ua), lakini likishindiliwa chembe zake laini huziba na kuwa kama sakafu, na moramu, yaani udongo wa changarawe, ni vivyo hivyo. Chini ya nyasi bandia takeni kokoto zilizovunjwa zisizo na vumbi, na juu yake kokoto ndogo za kusawazishia. Tena, mama, chunguza bomba la kuteremsha maji ya paa linamwagia wapi. Maji ya paa yapewe bomba lake zima lisilo na matundu, wala yasielekezwe kwenye tangi la maji taka.

Mama wa Syokimau

Ahsanteni sana. Nimetazama, na kweli bomba la paa linamwaga nyuma ya jikoni, palepale panapotuama. Ila mtaro wa barabara uko mbele ya nyumba, na nyuma yetu kuna ploti ambayo haijajengwa. Je, tunaweza kuyaelekeza huko?

Fundi wa mitaro

La, mama. Ploti hiyo ina mwenyewe, na siku atakapojenga atafunga njia hiyo, tena kwa haki. Pitisheni bomba ubavuni mwa nyumba hadi mbele. Kwa umbali wa mita 25 na mteremko wa sentimita moja kwa mita, mnahitaji tofauti ya sentimita 25 kati ya mwanzo na mwisho wa bomba. Pimeni kwa mpira mwembamba uliojazwa maji, unaoonyesha usawa wa maji yaliyomo, mmoja akiushika nyuma na mwingine mtaroni. Tofauti ikikosekana, wekeni kisima kidogo chenye pampu inayojiwasha maji yakipanda. Kuuinua ua ili kupata mteremko ni jambo la kufanya kwa tahadhari, kwani zulia linapaswa kubaki angalau sentimita 15 chini ya tabaka la kuzuia unyevu ukutani, na udongo huu ukilowa kando ya msingi huvimba na kuweza kupasua kuta.

Fanyeni kazi hiyo kati ya Julai na Septemba, kabla ya vuli, udongo ukiwa mkavu. Bomba la paa, hata hivyo, lihamisheni wiki hii.